Swala na Ua wa Miiba

Wanyama wote walikuwa wakimchangia Hondohondo punje za mtama, naye, kutoka mtini kwake uwanjani, aliwatangazia mbio za Swala hatua kwa hatua.

Mbweha akamwambia Swala, "Bingwa kama wewe hatangazwi bure."

Swala akakubali. Uwanja ukazungushiwa miiba, na kiingilio kikawa gunia zima. Hondohondo akafukuzwa mtini. Akabaki akitangaza mikutano ya Tembo, na mtama akaendelea kuula.

Misimu ikapita. Siku moja Swala alishinda tena, akaja kijijini mbio ili ashangiliwe. Wanyama wote wakatimkia vichakani. Kobe tu ndiye aliyechelewa.

"Pole, mwenzangu," akamwuliza. "Kwani unafukuzwa na nani?"