Watano wa Nyumba ya Tamiti

Karani wa Farao alikataa kuwahesabu watoto wa Tamiti kwa sababu walikuwa wamekufa. Wote watatu walikufa wachanga, wakazikwa ndani ya mitungi chini ya sakafu, kama ilivyokuwa desturi ya mji.

"Andika watano," Tamiti alisema.

"Bibi, nakuona wewe na mumeo tu. Tena kila kichwa kinatozwa pishi ya ngano."

"Farao anataka idadi ya watu wa Misri. Kwani wangu walikuwa mbuzi?"

Mumewe akamnong'oneza, "Mke wangu, tutakula nini?"

Tamiti alifungua ghala akapima mwenyewe, pishi mbili za walio hai, kisha tatu za wanawe. Karani akaandika watano. Ghalani ilibaki pishi moja, na mavuno yalikuwa bado miezi miwili.