Kitunga cha Orpa

Askari alizamisha mkono katika kitunga cha Orpa, akatoa betri nne kutoka katikati ya maharage. Orpa alikibeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa Musienene. Muda mfupi kabla, alipogeuka dukani, kitunga kilikumba rafu, naye hakuona kilichoangukia ndani yake.

"Hii mabuye ya radio hakulipa," mwenye duka akasema.

"Donc uliiba, mama? Ao unapelekea bale ba mu pori?" askari akauliza.

Mtu aliyewapelekea waasi wa porini chumvi Jumatatu alizikwa Jumanne. Kamba ilimkata Orpa paji.

"Niliiba, chef. Ni ya radio yangu."

Askari akatweka bunduki begani. "Bon. Twende kwako, tusikilize habari."

Kwa Orpa hakukuwa na radio.