Kwa Jina la Gavana

"Namba yako, mzee!"

Tarishi wa mlangoni alinyoosha mkono bila kumtazama. Kurup akampa kikaratasi: mia mbili na kumi na nne. Nyuma yake Budhni alikuwa amejifunika kichwa kwa pindo la sari, ameikumbatia bahasha kama aliyebeba mayai.

"Keti kule. Na huo msuli uushushe. Hapa ni kwa Waziri Kiongozi, si shambani."

Kurup aliushusha msuli wake mweupe, akaketi. Miaka thelathini alifundisha chuo kikuu jinsi jimbo linavyoendeshwa. Alichora ubaoni ngazi moja nzuri sana: Gavana juu, chini yake Waziri Kiongozi na mawaziri wake, kisha makatibu, kisha wakuu wa wilaya, mpaka karani wa kijijini. Wanafunzi waliinakili. Yeye mwenyewe aliinakili kitabuni. Leo, akiwa na miaka sabini na moja, ndiyo kwanza anaipanda ngazi yenyewe, na magoti yalikuwa yanamuuma.

Alikuwa mgeni katika jimbo lile. Ulikuwa umepita mwezi mmoja tu tangu atoke kusini kuja kushika kazi aliyopewa uzeeni, kazi ya kutia sahihi karatasi zilizoandikwa na wengine. Nyumba ya serikali waliyompa ilikuwa na bustani, na nyuma ya bustani palikuwa na vibanda vya wafagiaji. Asubuhi moja Budhni, mmoja wa wafagiaji hao, alimkuta amevaa fulana, anachuma majani ya kutia kwenye mchuzi. Akadhani ndiye mpishi mpya.

"Baba, wewe una miwani, kuandika utakuwa unajua," alimwambia. "Niandikie barua. Ukuta wangu umepasuka, mkono unapita. Mvua hizi zitatuzika, mimi na wanangu watatu."

Alipouona ule ufa, Kurup aliona haya kumwambia kwamba hata kupika hajui. Aliwaalika watoto walale jikoni kwake. Mlinzi akawatoa: hawana kibali. Aliuliza ofisini kwake. Akajibiwa, kwa heshima kubwa, kwamba ukuta haumo katika mamlaka yao. Mwenye shida aandike kama wananchi wengine. Basi akaandika, na Budhni akatia dole gumba.

Wakaanza kuzunguka. Mhandisi wa Idara ya Ujenzi alisema vibanda vya bustanini ni vya Kilimo. Afisa wa Kilimo alikubali kwamba mchicha ni wao na mawaridi ni yao, "lakini ukuta, mzee wangu, hauoti." Kwa mkuu wa wilaya, karani aliwaambia mali ya jimbo haiguswi bila amri kutoka juu.

Amri kutoka juu ikaja, ina mhuri wa simba.

"Inasemaje?" Budhni aliuliza.

Kurup aliifuta miwani, akasoma: "Kwa amri na kwa jina la Gavana, ombi lako limekataliwa kwa kukosa fomu namba saba."

Akacheka mpaka chai ikammwagikia. Budhni hakucheka.

"Huyo Gavana ni mtu wa namna gani? Hakuzaa?"

"Ni kizee kimoja tu, mwanangu. Kinakaa kinapoonyeshwa, kinatia sahihi kinapoonyeshwa."

"Sasa wanamweka wa nini?"

"Swali hilo nilikuwa nawapa wanafunzi kwenye mtihani kila mwaka. Hakuna aliyelipata, na mimi jibu sikuwa nalo."

Wiki hiyohiyo kipande cha ukuta kilianguka juu ya kitanda cha mtoto wa mwisho. Mtoto alikuwa ametoka kwenda kunywa maji. Kurup alikiangalia kile kitanda kilichokatika katikati. Hakupata la kuchekesha. Jumatatu, siku ambayo Waziri Kiongozi husikiliza shida za watu, alimchukua Budhni, wakatoka nyumbani kwa lango la nyuma, wakaenda kwa miguu.

"Mia mbili na kumi na nne!"

Waziri Kiongozi, Bi Sulochana Mahato, alikuwa ameinama mezani, anasaini bila kuinua kichwa. Katibu wake aliifungua bahasha, akapitisha macho, akaguna.

"Ukuta. Hili limeshakataliwa kwa jina la Gavana. Mnataka nini tena?"

"Tunapinga," alisema Kurup.

"Mnapinga neno la Gavana?" Katibu aliwageukia watu kwenye viti, nao wakacheka. "Haya, babu. Wewe ni nani wa kulipinga?"

"Mtu anayelionea haya."

Sauti ile na lafudhi ile ya kusini vilimfanya Bi Sulochana ainue kichwa. Kalamu ikamponyoka. Akasimama wima, na kwa kuwa yeye amesimama, watu mia tatu nao wakasimama, bila kujua kwa nini. Tarishi akavua kofia, ili mradi tu. Bi Sulochana akaunganisha viganja kifuani.

"Ukuta utajengwa leo hii," alisema, "Mheshimiwa Gavana."

Budhni aligeuka haraka kutazama mlangoni, kisha akamvuta Kurup shati kwa nguvu.

"Baba, sogea! Mpishe Gavana apite."