Nyumba ya Misonobari

Nilichokiona kwanza ni mvuke mdogo uliotoka mdomoni mwa mdogo wangu, Milembe, akiwa amelala mgongoni kwa mama. Nje, jua la Tabora lilikuwa likiunguza bati.

Siku hizi kila nyumba hutunza msitu mmoja ndani yake, na wenye nyumba huishi katika hali ya hewa ya msitu wao. Zamani tulitunza miombo. Wakati wa kiangazi ilipukutisha majani, tukafungua madirisha na kupumzika nayo. Mwaka huu tumepewa misonobari ya nchi za baridi. Hiyo haipukutiki, na mashine ya baridi haizimwi.

Jirani yetu Mama Sitta, mwenye msitu wa mvua, aliingia kanga yake ikinuka ukungu.

"Mtoto huyu anakohoa, jirani."

"Wako nao wataota uyoga masikioni," mama akamjibu. Wakacheka kidogo.

"Nipe nikampashe joto kwangu."

"Mkaguzi wa misitu akimkuta kwako? Kila mtu na msitu wake. Tutanyang'anywa nyumba."

Mama Sitta alipoondoka, mama aliyagusa majani ya msonobari, membamba kama sindano, kuona kama yamekauka. Kisha ndipo akagusa midomo ya Milembe, ambayo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alianza na miti.

Mimi si msemaji. Nilisogea hadi kwenye swichi ya mashine, nikaweka kidole.

"Mama," nikasema, "acha miti ife."