Picha Mbili Baada ya Keki

Picha ya keki haikuwepo. Mutie alichomoa memori kadi, akaipuliza, akairudisha kwenye kompyuta. Harusi yote ilikuwepo mpaka bibi harusi akishika kisu, halafu basi.

Kisha akakumbuka: kadi ikijaa au isipokuwemo, kamera yake huweka picha chache tumboni mwake. Akaichomeka waya kamera yenyewe.

Keki ikatokea. Baada ya keki zikatokea picha mbili ambazo si yeye aliyezipiga.

Angezipigaje? Fujo za kura zilipofika Kisumu Ndogo alikimbilia Kawangware na kadi mfukoni, kamera akaisahau mezani, mlango wazi. Leo asubuhi, aliporudi, ndipo jirani yake Jeconia, kichwa kimefungwa bendeji, alipomrudishia.

"Tulikuwekea, jirani, mimi na mke wangu."

Mutie aliipokea bila asante wala pole. Mlango wake ulikuwa umeandikwa kwa makaa, herufi kubwa: NYUMBA YA JECONIA. Nani asiyejua nyumba zinavyonyakuliwa? Aliyafuta maandishi kwa kiganja, akitukana, wapangaji wa ploti nzima wakisikia.

Akaikuza picha ya kwanza. Jeconia amesimama mbele ya maandishi yale, mikono ameitandaza mlango mzima. Mbele yake vijana wa kabila lake Jeconia, wenye mapanga, mmoja na mtungi wa petroli.

Ya pili: vijana wanaondoka. Jeconia ameketi kizingitini, damu usoni.

Mutie akatazama kiganja chake. Weusi wa makaa ulikuwa haujatoka.

"Hodi, jirani," sauti ya Jeconia ikaita nje. "Picha zimetoka?"