Bolti za Tela

Kabla ya kuanza mteremko, dereva alikata makusudi upepo wa breki unaokwenda kwenye tela ili azijaribu, kisha akalisogeza lori taratibu. Tela lilipaswa kugoma. Likamfuata kama kondoo.

Akazima injini, akaweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini na spana. Kwenye kikombe cha breki iling'aa bolti mpya, imeibana springi isifyatuke.

“Breki za tela nimezifunga mimi,” baba yake akasema, amesimama pembeni. “Zilikuwa zinang'ang'ania. Breki za kichwa cha lori zinatutosha. Mteremko huu nimeushuka miaka thelathini.”

“Kwa breki za mafuta, baba. Zile mafuta yakiisha, zinaachia. Hizi upepo ukiisha, springi inashika yenyewe. Sasa umezifunga mikono.”

“Tutachelewa, mwanangu.”

“Tuchelewe.”

Akafungua ya kwanza. Grisi ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Ya pili. Ya tatu ilimchuna vidole. Alipomaliza ya nne, akidhani zimekwisha, akaanza kujiburuta atoke.

Magoti ya mzee yakaalika akiinama. Akajilaza chali kando ya binti yake, na shati lake jeupe hivyo hivyo.

“Lete spana,” akasema bila kumtazama. “Niliweka sita.”