Mara Arobaini na Moja

Mwalimu Shebughe alikuwa ameshamfuta Zulfa kwenye kozi ya uuguzi alipoifungua tena ripoti ya masomo ya mtandaoni. Siku zote alisoma safu ya alama tu, na ya Zulfa ilijaa sifuri. Leo macho yake yalisogea hadi safu ya mwisho, ya mara ambazo kila somo lilifunguliwa na saa zake. Somo la tatu, Zulfa alilifungua mara arobaini na moja, zote alfajiri.

Akampigia simu.

"Mbona hukusema umekwama, binti yangu?"

"Nilidhani unaniona humo, mwalimu," Zulfa akajibu taratibu. "Nilikuwa nasubiri uniulize."

Shebughe akauliza, kwa sauti ndogo, ni wapi hasa palipomshinda.

Upande wa pili akasikia kurasa za daftari zikifunuliwa, moja baada ya nyingine.